SOMO LA SAFARI ZA LORI: TUJIFUNZE KWA WENZETU WA KARATU



Msimu uliopita tulikodi lori moja kwa shirika, na mpango wetu ulikuwa mwepesi mno: lori lipite mashambani jioni, likusanye karafuu mbichi, lizilete sakafuni. Hatukuandika njia wala hatukuandika saa. Dereva alikwenda kwanza kwa aliyempigia simu mapema, kisha kwa aliyepiga kelele zaidi. Siku ya nne mvua ilinyesha, lori likakwama, na magunia kumi na moja yakalala usiku kucha hali yamefungwa. Kila mkulima ajua gunia la karafuu mbichi lililolala limefungwa lina nini ndani yake: moto na jasho. Ukizimwaga asubuhi hazina tena rangi yake, na hata zikianikwa jua zuri hutoka nyeupe-nyeupe, zimesinyaa, mafuta yamekwisha. Wenye magunia hayo hawakupata bei ya daraja la juu, na wawili kati yao hawajaandika majina yao katika orodha ya kukodi lori mwaka huu. Hatuwalaumu. Kosa lile halikuwa la dereva wala la mvua. Lilikuwa letu sisi tuliopanga, au tuseme tusiopanga.

Basi somo la safari hii lahusu namna ya kupanga njia na saa za gari la mizigo. Mfano wetu tumeuchukua mbali, Karatu na Ngorongoro huko bara, mkoa wa Arusha. Wengine watauliza, wapi Karatu na wapi karafuu, majina tu ndiyo yanayokaribiana. Tumepachagua kwa sababu vizuizi vyote vinavyomsumbua mwenye lori vimekusanyika pale mahali pamoja: mlima, ukungu, matope, lango lenye saa zake, na barabara za kwenda tu zisizoruhusu kurudi. Akiyaelewa hayo mtu, njia za kisiwani kwetu zitamwia nyepesi.

Kwanza tuione nchi yenyewe. Mtu akitoka Arusha hufika Makuyuni, hapo hukunja kuelekea magharibi mpaka Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara. Hapo ukuta wa Bonde la Ufa humsimamia mbele, na gari hupanda kwa kona mpaka juu, hupita Rhotia, kisha huingia Karatu, mji ulioko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Karatu barabara yaendelea hadi lango la Lodoare, mlango wa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, na kutoka langoni hupanda msituni mpaka ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200. Lami ya kutoka Makuyuni hadi langoni ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo Karatu imekuwa ghala na jiko la mambo mengi yaendayo juu. Hoteli za ukingoni zataka mboga, unga, gesi, vinywaji na dizeli. Wenyeji wa Hifadhi, walio wengi Wamasai wafugaji, wataka mahindi, maana kilimo ndani ya Hifadhi kilikatazwa kwa sheria mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda kuanzia 1992, kisha kikakatazwa tena. Mtu asiyelima sharti aletewe, na anayeletewa hula kwa ratiba ya lori.

Upande mwingine wa Karatu, ukikunja kushoto kabla ya kufika langoni, mahali paitwapo Njiapanda, iko njia ya Oldeani na ya Mang'ola. Mang'ola iko chini karibu na Ziwa Eyasi, nchi ya joto yenye chemchemi, na vitunguu vyake vyajulikana nchi nzima. Njia yake ni ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika.

Sasa tuje kwenye kazi. Tuseme mfanyabiashara wa Karatu ana lori moja la tani 7, yaani magunia 70 ya kilo mia mia. Ana wateja mahali patano. Rhotia wataka magunia 20, Mto wa Mbu 25, Oldeani 20, Mang'ola 30, na hoteli moja ya ukingoni 25. Masafa tumeyakata yawe tarakimu nyepesi za kufundishia, msomaji asiyashike kama ndiyo yaliyoandikwa kwenye mawe ya barabarani. Kutoka Karatu hadi Rhotia kilomita 10, hadi Mto wa Mbu 30, hadi Oldeani 20, hadi Mang'ola 50, hadi ukingoni 30.

Mtu asiyefikiri atampelekea kila mteja peke yake, kwenda na kurudi. Atatembea kilomita 20, na 60, na 40, na 100, na 60, jumla 280. Mwingine atasema, nitajaribu kila mpangilio nione upi mfupi. Huyu naye atachoka. Vituo vitano vina mipangilio 120. Vituo kumi vina 3,628,800, na mtu akipima mmoja kila dakika, usiku na mchana bila kulala, hatamaliza kwa miaka sita. Ndiyo maana watu wa hesabu walilichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1959, mwaka ule ule ambao Ngorongoro ilitengwa na Serengeti ikawa Eneo la Hifadhi, Wamarekani wawili, George Dantzig na John Ramser, walitoa makala juu ya kupanga malori ya petroli yatokayo ghala moja kwenda vituo vingi. Mwaka 1964 Waingereza wawili, Clarke na Wright, wakatoa njia nyepesi zaidi, ambayo mtu aweza kuifanya kwa kalamu. Yatufurahisha kuwaambia wanachama kwamba huyo Clarke hakuwa mtu wa kampuni kubwa ya matajiri. Alikuwa akifanya kazi katika shirika la jumla la vyama vya ushirika huko Manchester. Hesabu hii basi ilizaliwa ndani ya ushirika.

Njia yao twaweza kuiita hesabu ya akiba. Chukua wateja wawili wowote. Jumlisha masafa ya kutoka ghalani hadi kwa wa kwanza na ya kutoka ghalani hadi kwa wa pili, kisha toa masafa yaliyo baina yao wawili. Kinachobaki ndicho unachookoa ukiwaunganisha katika safari moja. Rhotia ni 10, Mto wa Mbu ni 30, baina yao ni 20. Kumi na thelathini ni arobaini, toa ishirini, akiba ni 20. Oldeani ni 20 na Mang'ola ni 50, na tuseme baina yao ni 40, basi akiba ni 30. Ukingoni na Oldeani, kwa kuwa gari lazima lirudi mpaka Njiapanda, tuseme baina yao ni 40, akiba ni 10 tu. Ukingoni na Mang'ola vile vile 10. Na Rhotia kwa ukingoni? Rhotia iko mashariki ya Karatu, ukingo uko magharibi, kutoka kimoja hadi kingine sharti upite Karatu, masafa ni 40, na akiba ni sifuri.

Mwenye jicho ameona siri yake. Penye barabara za matawi kama mti, akiba ni njia mnayoshiriki, mara mbili. Wawili wanaoshiriki shina refu waungane. Wanaoachana pale pale mlangoni pa ghala hawana cha kuokoa kwa kuunganishwa, hata kama kwenye ramani waonekana jirani. Hili la ramani tulisisitize, kwa sababu ndilo linalowadanganya wengi: mtu huona alama mbili zimekaribiana kwenye karatasi, kumbe baina yao pana korongo, na kwetu pana mkono wa bahari au bonde la mpunga.

Ukishapata akiba zote, zipange kuanzia kubwa. Ya kwanza ni Oldeani na Mang'ola, 30. Magunia yao ni 50, lori lina nafasi, waunganishe. Ya pili ni Rhotia na Mto wa Mbu, 20. Magunia 45, waunganishe. Ya tatu ni kumtia mtu wa ukingoni katika safari ya Oldeani na Mang'ola, akiba 10. Lakini magunia yatakuwa 75 na lori ni la 70. Haiwezekani, mwache peke yake. Basi safari ni tatu: Karatu, Oldeani, Mang'ola na kurudi, kilomita 110, Karatu, Rhotia, Mto wa Mbu na kurudi, kilomita 60, Karatu, ukingoni na kurudi, kilomita 60. Jumla 230 badala ya 280. Kilomita 50 zimeokolewa kwa robo saa ya kalamu, wala hakuna aliyekosa mzigo wake.

Mbishi atasema: mwombe mtu wa ukingoni achukue magunia 20 badala ya 25, safari ile ya tatu iingie katika ile ya Mang'ola, uokoe 10 nyingine. Kwa kalamu kweli. Lakini hapa ndipo kilomita zinapokoma kuwa hesabu yote, na saa zinapoanza.

Lango la Lodoare hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Dereva aliyechelewa ndani amechelewa. Kwa jambo kama hili usipange kuanzia asubuhi kwenda mbele, panga kuanzia jioni kurudi nyuma. Lori liwe limetoka langoni saa 12 jioni. Kushuka kutoka ukingoni, kwa ukungu na kona, tuweke saa moja: basi liondoke hotelini saa 11. Kupakua, saa moja: liwe limefika saa 10. Kupanda na mzigo, saa moja: liwe limepita langoni saa 9. Karatasi za langoni, nusu saa: lifike langoni saa 8 na nusu. Kutoka Karatu mpaka langoni, nusu saa: liondoke Karatu saa 8 mchana. Kisha toa saa moja ya dharura, kwa pancha na kwa magari ya watalii yaliyopanga foleni mbele yake. Lori lisilokuwa limeondoka Karatu saa 7 mchana lisiende siku hiyo. Mtu aliyetoka Mang'ola, amepakia vitunguu, amekula vumbi, atafika Njiapanda saa 7? Mara moja atafika, mara tatu hatafika. Kilomita 10 za akiba zitageuka mzigo uliolala. Twashauri safari ya ukingoni iende peke yake, na iende asubuhi lango likifunguliwa.

Hapo hapo tujifunze jambo la pili, la njia za upande mmoja. Magari yanayoingia kreta yenyewe, ambayo kina chake ni kama mita 600, hushuka kwa njia ya Seneto na kupanda kwa njia ya Lerai, na hairuhusiwi kufanya kinyume. Upande wa mashariki pekee ndiko kuna njia ya kushukia na kupandia. Kwa hiyo masafa ya kwenda si masafa ya kurudi, na anayeandika jedwali lake aandike nguzo mbili, ya kwenda na ya kurudi. Hata pasipo na amri ya njia moja, mlima hufanya vivyo hivyo. Lori lenye tani 7 likitoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa si lori lile lile linaloshuka tupu. Panapowezekana, mzigo mzito ushushwe mapema kabla ya mlima, usibebwe kupandishwa ili uje ushushwe baadaye.

La tatu ni kurudi tupu. Lori lililopeleka unga na saruji Mang'ola likirudi tupu limechoma nusu ya dizeli yake bure. Mwenye akili hurudi na vitunguu. Kilomita hazikupungua hata moja, lakini kila kilomita imelipa mara mbili. Hili wafanyabiashara wa minada walilijua kabla ya maprofesa. Minada ya mifugo na bidhaa katika nchi ile ina tarehe zake za mwezi, kila mji na yake, na malori huzunguka kwa kufuata tarehe hizo: leo hapa, keshokutwa kule. Hakuna anayempigia simu dereva kumwuliza atakuja lini. Tarehe ndiyo ratiba, na mteja mwenyewe hujiweka tayari. Twaona kwamba nusu ya matatizo ya malori yetu yangekwisha kama kila sehemu ingekuwa na siku yake inayojulikana, kuliko kumngoja dereva kama mtu angojaye mwandamo wa mwezi.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Kazi yetu ina sura mbili, na tusizichanganye. Ya kwanza ni karafuu mbichi kutoka mashambani kwenda kuchambuliwa na kuanikwa. Ya pili ni karafuu kavu kutoka ghalani kwenda kituo cha kununulia cha ZSTC. Ya pili ni nyepesi, kwani karafuu kavu haziozi njiani, na uzito wake ni kama theluthi tu ya zile mbichi. Hapo tumia hesabu ya akiba kama tulivyoieleza, jaza lori, nenda kituoni mapema kabla ya foleni, na usirudi tupu. Rudi na magunia matupu, majamvi, mchele na unga wa wachumaji.

Ya kwanza ndiyo iliyotutia hasara. Hapo lango letu la Lodoare ni jua. Karafuu zilizochumwa leo zataka kuchambuliwa makonyo leo na kutandazwa, ama jioni ile ile au asubuhi mapema. Kwa hiyo hesabuni kurudi nyuma kutoka magharibi: saa ngapi sakafuni, saa ngapi shamba la mwisho, saa ngapi shamba la kwanza, na kwa hiyo saa ngapi wachumaji washuke mikarafuu. Mtaona kwamba saa ya kuacha kuchuma haiamuliwi na mchumaji. Yaamuliwa na lori. Wachumaji hawatalipenda jambo hili, maana hulipwa kwa pishi, na kila dakika juu ya mti ni pesa yao. Wenye mashamba wazungumze nao kabla ya msimu, si siku yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo kamati imelijadili vikao viwili bila kupatana, nasi twaliweka mbele yenu. Sisi hatugawi mzigo, sisi twakusanya. Lori huanza tupu na kumalizia limejaa. Kwa dizeli ni afadhali liende kwanza mbali kabisa likiwa tupu, kisha likusanye likirudi, ili mzigo mzito usafiri njia fupi. Lakini kwa karafuu ni kinyume: za shamba la mbali zitakaa ndani ya magunia muda mrefu kuliko za wote, zikizungushwa kila kituo. Mwanachama wa mwisho wa barabara atalipa kwa ubora wa karafuu zake ili sisi wengine tuokoe dizeli. Je, hiyo ni haki? Baadhi yetu wasema dizeli ni ya wote na hasara ya karafuu ni ya mmoja, kwa hiyo achukuliwe mwisho. Wengine wasema kila mtu ana umbali wake kwa majaaliwa ya Mungu.

Iko njia ya katikati. Mzunguko, kama hauna njia ya upande mmoja, una urefu ule ule ukiuzunguka kuumeni au kushotoni. Basi siku moja lori lizunguke hivi, siku ya pili vile, na wa kwanza wa leo atakuwa wa mwisho kesho, bila kuongeza hata kilomita moja. Ila hili halimsaidii aliye katikati, ambaye atabaki katikati daima, wala halisaidii pale ambapo barabara si mzunguko bali ni tawi linaloishia shambani kwa mtu. Kwa tawi la namna hiyo twapendekeza gari la ng'ombe litoe mzigo mpaka njia kuu saa iliyoandikwa, na magunia yafunguliwe midomo yakingoja. Lori kuingia tawi la kilomita mbili kwa magunia matatu ni kuwachelewesha watu wanane kwa ajili ya mmoja.

Zipo programu za simu zinazopanga njia kwa sekunde chache, na mwenye nayo aitumie. Lakini programu haijui kwamba daraja fulani halibebi lori lililojaa baada ya mvua, wala haijui shamba gani lina mtaro mlangoni. Hayo ajuaye ni dereva na utingo wake. Kwa hiyo kamati itanunua daftari moja la kukaa ndani ya lori. Kila safari utingo ataandika saa ya kutoka, saa ya kufika kila shamba, idadi ya magunia, saa ya kuondoka, na sababu ya kuchelewa kama ipo. Baada ya wiki mbili tutakuwa na jedwali letu wenyewe la masafa na saa, si la kukisia kama lile la Karatu tulilolitengeneza hapa.

Kila mwanachama anayetaka kushiriki lori la msimu huu alete kwa katibu karatasi yenye mambo manne: shamba liko njia gani na baada ya alama gani, magunia anayotarajia kwa siku, kama lori laweza kufika mlangoni wakati wa mvua, na saa ambayo wachumaji wake waweza kushuka. Karatasi zifike kabla ya kikao kijacho, maana hesabu ya akiba tutaifanya hapo hapo ubaoni mbele ya wote, na atakayewekwa mwisho wa mzunguko aone mwenyewe kwa nini. Wale wawili waliojitoa tumewaandikia, na mashamba yao tumeyaacha katika ramani.